Farasi na Ushauri Nasaha wa Kiimani: Mwongozo Kamili wa Kumhudumia Mtu Aliyejeruhiwa Moyoni

Mtu aliyepitia ukatili, msiba mzito, vita au usaliti wa mtu wa karibu mara nyingi hufika kwa mshauri akiwa na maneno machache mno, au akiwa na maneno mengi yasiyogusa jeraha lenyewe. Mwili wake bado unaishi katika hatari iliyokwisha kupita: mabega yamekazwa, pumzi ni fupi, usingizi haukai, na kishindo cha mlango kinatosha kumshtua. Kumketisha ofisini na kumfungulia Maandiko siku hiyohiyo ni kuitaka akili ipokee faraja wakati mwili haujapata nafasi ya kutulia. Huduma inayounganisha farasi na ushauri nasaha wa kiimani hufuata mpangilio mwingine: mwili hutulizwa kwanza, uhusiano hufuata, maneno huja baada ya uhusiano, na sala hujengwa juu ya maneno ambayo mtu ameyapata mwenyewe. Waumini wanaujua mpangilio huu tangu zamani. Nabii Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba kufa, alipewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili, akasafiri siku 40, na baada ya hayo yote ndipo alipoulizwa anafanya nini pale.

Maelezo yafuatayo yanawalenga wachungaji, maimamu, wanasihi na viongozi wa jumuiya za waumini wanaotaka kuanzisha huduma ya namna hii au kumpeleka mtu mahali inapotolewa. Yatamfaa pia mtu mwenyewe anayetafuta msaada, ili ajue la kutarajia na la kukataa.

Kile ambacho farasi hufanya

Farasi ni mnyama anayewindwa. Uhai wake umetegemea kuitambua hatari kabla haijamfikia, na maumbile yake yote yameelekea huko. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na humwezesha kuona karibu nyuzi 350 kumzunguka, isipokuwa eneo dogo mbele ya paji la uso na jingine nyuma ya mkia. Kila sikio hugeuka peke yake kufuata sauti. Huishi katika kundi, na ndani ya kundi habari muhimu hupitishwa kwa mkao wa shingo, mwelekeo wa masikio na kasi ya pumzi. Anapokutana na binadamu humsoma kwa njia hizohizo.

Usomaji huo umechunguzwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu, na wakaona kwamba mbele ya uso wenye hasira farasi walielekea kutazama kwa jicho la kushoto, jambo linalohusishwa na kukabili kitu kinachotisha, na mapigo ya moyo yao yalipanda haraka zaidi. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Sweden, watu waliowaongoza au kuwapanda farasi waliambiwa kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla njiani. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo ya mtu yalipanda kwa sababu ya kuungoja, na mapigo ya farasi aliyekuwa naye yakapanda vilevile. Farasi hakujua lolote kuhusu mwavuli. Aliyajua mabadiliko ya mtu aliyekuwa karibu naye.

Hapa ndipo ilipo thamani yake katika ushauri nasaha. Mtu anayesema kwamba hana neno huku taya zake zimebana atamwona farasi akiinua kichwa na kurudi nyuma, na akipumua taratibu na kulegeza mikono atamwona akishusha shingo na kusogea. Jibu hilo halina lawama, halimjali mtu kwa cheo wala kwa historia yake, na halimsubiri apate maneno sahihi. Kwa mtu aliyezoea kuficha hisia zake ili anusurike, kukutana na kiumbe kinachomjibu jinsi alivyo, kisha kubadilika mara tu yeye anapobadilika, ni fundisho ambalo mazungumzo peke yake hulitoa kwa shida.

Upande wa pili ni utulivu. Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, na pumzi yake ni ya polepole. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba akikunwa mahali shingo inapokutana na mgongo, pale ambapo farasi wenzake humkuna, mapigo yake hupungua zaidi. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu watu wengi waliojeruhiwa, hasa waliodhulumiwa utotoni, hubeba imani ya siri kwamba wao ni wachafu na kwamba kila wanachokigusa huharibika. Mtu wa namna hiyo anapoona mnyama mwenye uzito wa kilo 500 akitulia chini ya kiganja chake, akifumba macho nusu na kulegeza mdomo wa chini, amepewa ushahidi ambao ni vigumu kuupinga. Mahubiri mengi kuhusu thamani ya mwanadamu hayafiki pale ushahidi huo unapofika.

Hata hivyo, ni lazima farasi abaki farasi. Hasomi dhambi, haoni maono, na hakutumwa kufichua siri ya mtu. Mshauri anayetamka kwamba farasi amemkwepa fulani kwa sababu ana jambo hajalitubu ameacha ushauri na kuingia katika ramli, na jeraha analoweza kusababisha ni kubwa. Farasi huenda amekwepa kwa sababu ya manukato, upepo au maumivu ya kwato.

Ushahidi uliopo na mipaka yake

Kuwahudumia wagonjwa wa akili kwa pamoja kupitia imani na wanyama si wazo la juzi. Mwaka 1796 jumuiya ya Wakweka (Quakers), dhehebu la Kikristo, ikiongozwa na William Tuke ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili mjini York, Uingereza, ambako minyororo iliepukwa na wagonjwa walipewa nafasi ya kuwatunza sungura na kuku uani. Kwa upande wa farasi, wengi walivutiwa na Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza kwa polio mwaka 1944 na kushinda medali ya fedha katika mashindano ya farasi ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Nchini Marekani chama cha kusimamia upandaji farasi wa tiba kiliundwa mwaka 1969, nacho leo kinaitwa PATH International, na mwaka 1999 likaanzishwa shirika la Eagala ambalo huweka mkazo katika tiba ya saikolojia inayofanyika mtu akiwa amesimama ardhini bila kumpanda farasi.

Utafiti wa kisasa unatia moyo, ila bado ni mchanga. Katika jaribio lililofanywa na Chuo Kikuu cha Columbia na kuchapishwa mwaka 2021, wanajeshi wastaafu 63 wenye athari za kiwewe walihudhuria vipindi 8 vya kila wiki, vya dakika 90 kila kimoja, na wengi wao walipata nafuu iliyoonekana hata miezi 3 baadaye. Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo halithibitishi kwamba nafuu yote ilitokana na farasi. Mshauri mwaminifu atamweleza mtu hivyo waziwazi, na hatamwahidi uponyaji.

Hatua ya kwanza: Kusanya watu wanaofaa

Kipindi kimoja kinahitaji watu wawili wenye kazi tofauti. Wa kwanza ni mnasihi au mwanasaikolojia mwenye mafunzo ya kushughulikia kiwewe, na wa pili ni mtu anayewajua farasi kwa kina, ambaye kazi yake ni kumtazama mnyama muda wote na kusimamisha zoezi mara anapoona dalili ya hatari. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili vizuri, kwa kuwa macho yanayofuata machozi ya mteja hayawezi wakati huohuo kufuata masikio ya farasi. Kiongozi wa dini asiye na mafunzo ya unasihi anaweza kuwa mtu wa tatu kwenye timu, anayeitwa pale mteja anapomhitaji. Kuwekwa wakfu au kuhifadhi Maandiko hakumpi mtu ujuzi wa kutambua sonona kali, na kusema hivi hakuipunguzii imani heshima yoyote.

Hatua ya pili: Mchuje mtu kabla hajafika zizini

Fanyeni mahojiano ya faragha yanayogusa afya ya mwili na ya akili. Ulizeni kuhusu mzio wa manyoya au vumbi la nyasi, pumu, kifafa kisichodhibitiwa, mifupa dhaifu, ujauzito, na dawa zinazoleta usingizi. Mtu anayesikia sauti au kuona mambo yasiyokuwepo, aliyelewa, au aliyewahi kuwatesa wanyama hapaswi kuingizwa uwanjani kabla mtaalamu hajamtathmini. Anayesema kwamba anataka kujiua anahitaji huduma ya dharura ya kitabibu siku hiyohiyo, huku mtu akibaki naye. Farasi na maombi vinaweza kusubiri.

Woga wa kawaida wa farasi haumzuii mtu. Unaweza kuwa mahali pazuri pa kuanzia, mradi asisukumwe.

Hatua ya tatu: Afikianeni kuhusu imani

Huduma nyingi huiruka hatua hii, na madhara yake huonekana baadaye. Kabla ya kipindi cha kwanza, mweleze mtu kwa lugha rahisi kwamba huduma hii ina msingi wa kiimani, ni imani gani, na imani hiyo itaonekana vipi katika vipindi. Muulize kama anataka sala, lini, na kwa namna gani. Muulize pia kama kuna maneno, nyimbo au mikao ya sala inayomkumbusha maumivu, kwa sababu wapo waliodhulumiwa na viongozi wa dini au waliopigwa huku aya zikisomwa. Aandike majibu yake, na ajue kwamba anaweza kuyabadilisha siku yoyote bila kupoteza nafasi yake. Asiye wa dini ya mshauri, au asiye na dini, ahudumiwe kwa staha ileile au aelekezwe mahali panapomfaa. Msaada unaotolewa kwa sharti la kubadili dini ni shinikizo juu ya mtu aliye dhaifu.

Chunguzeni pia jinsi anavyomwona Mungu baada ya yale yaliyompata. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba imani inaweza kumbeba mtu wakati wa mateso na inaweza pia kumwongezea mzigo. Katika utafiti wake na wenzake uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa wa hospitali wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliokuwa na mapambano ya kidini, kama kuhisi kwamba Mungu amewaacha, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka 2 iliyofuata. Kwa hiyo mtu akisema Mungu amenitupa, msikimbilie kumsahihisha. Ametaja jeraha, na jeraha hilo linastahili kusikilizwa kwa umakini uleule anaopewa mtu anayesimulia kipigo.

Hatua ya nne: Chagueni farasi na mahali

Farasi anayefaa ni aliyekomaa, ametulia, hana maumivu, na amezoea kuguswa na watu wengi. Awe anaishi na wenzake, anapata muda wa kutembea huru malishoni, na anakula lishe ya nyasi ya kutosha, ambayo kwa farasi wa kilo 500 ni takribani kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Kwato zishughulikiwe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Mnyama aliyechoka au mwenye njaa hutoa majibu yanayotokana na taabu yake mwenyewe, na mteja huyachukua kama majibu kwake.

Uwanja uwe na uzio imara na ardhi isiyoteleza. Uonekane na watu wengine wa timu bila mazungumzo kusikika, kwani hilo hulinda siri ya mteja, huwalinda watoto, na huwaheshimu waumini ambao dini yao hairuhusu mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wasio ndugu wa karibu wasioweza kuoana, kukaa faraghani.

Hatua ya tano: Kipindi cha kwanza

Kipindi cha kwanza kisiwe na upandaji wala kazi ngumu. Anzeni nje ya uzio. Mtu asimame mahali anapojisikia salama na awatazame farasi kwa muda wa dakika 10 au zaidi, huku mnasihi akimwomba aeleze anachokiona: nani yuko karibu na nani, nani anakula, nani amesimama peke yake. Maelezo hayo huanza na farasi, na mara nyingi huishia kwa mtu mwenyewe bila kulazimishwa. Anayesema kwamba yule wa kahawia wamemtenga anaweza kuwa amesema habari zake kwa mara ya kwanza. Mnasihi asiruke kutafsiri. Aulize tu: unadhani yeye anahitaji nini?

Kabla ya kuingia, afundishwe usalama. Avae viatu vilivyofunika vidole. Amfikie farasi kwa upande wa bega huku akisema naye, asitokee mbele ya paji la uso wala nyuma ya mkia. Asipige magoti wala kukaa chini karibu na miguu yake. Kamba ya kuongozea ishikwe kwa kukunjwa mkononi, na isizungushwe kamwe kwenye kiganja au kifundo, kwa kuwa farasi akishtuka itakaza na kuvunja vidole. Masikio yaliyolazwa nyuma, mkia unaopigapiga, weupe wa jicho unaoonekana na mguu wa nyuma unaoinuliwa ni dalili za kumwacha na kuondoka taratibu. Kinyume chake, shingo iliyoshuka, sikio lililolegea na pumzi ndefu puani ni dalili za utulivu.

Akiwa tayari, anyooshe mkono uliolegea na amwache farasi anuse na kuamua. Baadhi ya farasi watageuka na kuondoka, na hapo ndipo mnasihi anapohitaji kuwa makini, kwa kuwa mtu aliyezoea kukataliwa atahisi kwamba amekataliwa tena. Asiambiwe kwamba si kitu. Aulizwe amehisi nini na wapi mwilini, apumue, na apewe nafasi ya kujaribu tena au kuacha. Wakikubaliana, aweke kiganja kwenye bega la farasi na kufuata kupanda na kushuka kwa ubavu wake kwa pumzi chache. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Malizieni nje ya uzio, mtu akiwa ameketi na amekunywa maji, na kama alikubali sala iwe fupi, kwa maneno yake mwenyewe au kwa kimya.

Hatua ya sita: Vipindi vya kati

Kuanzia kipindi cha pili kazi huongezeka kidogokidogo: kumsugua kwa brashi, kumwongoza kwa kamba, kumpitisha kati ya vizuizi vilivyopangwa uwanjani. Kila zoezi liwe na sababu inayohusiana na jeraha la mtu huyo. Aliyenyimwa haki ya kusema hapana afundishwe kumrudisha farasi nyuma hatua moja kwa kuinua mkono na kusimama imara, bila kupiga wala kupaza sauti, kisha kumkaribisha tena. Wengi hulia katika zoezi hili, kwa sababu wanagundua kwamba mpaka unaweza kuwekwa bila ukatili na kwamba uhusiano unaweza kuendelea baada ya mpaka kuwekwa. Mwenye hasira kali hupewa kazi ya kumwongoza farasi kwa kamba iliyolegea. Akivuta, farasi naye hukaza shingo na kusimama, na njia inayobaki ni kujituliza yeye kwanza. Mwenye majonzi hupewa kazi ya kumsugua polepole kwa muda mrefu, bila lengo lingine.

Farasi naye ana haki katika vipindi hivi. Awe na uwezo wa kuondoka, apumzishwe kati ya mteja na mteja, na asitumiwe kila siku. Sioni jinsi huduma inayomfundisha mtu kwamba hisia zake zina thamani inavyoweza kufanywa kwa kupuuza hisia za kiumbe kinachomsaidia.

Hatua ya saba: Kuunganisha na imani

Baada ya kila zoezi kaeni chini nje ya uzio na kuzungumza. Mpangilio unaofaa ni maswali matatu kwa zamu: Nini kilitokea? Kilikukumbusha nini? Je, kuna neno la imani yako linalokutana na hilo? Swali la tatu lisitangulie, na jibu lake litoke kwa mteja. Akikosa, mshauri anaweza kumwekea mbele yake andiko moja kama zawadi isiyolazimishwa, kisha anyamaze.

Uchaguzi wa andiko unahitaji busara. Waliojeruhiwa hupewa mara kwa mara aya za shukrani na subira, wakati Maandiko yenyewe yana nafasi pana kwa maombolezo. Kwa Mkristo, Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atasahau hata lini, na Zaburi ya 88 inafika mwisho bila kutoka gizani. Zote mbili zimehesabiwa kuwa sala. Kwa Mwislamu, Surat Yusuf inamwonyesha Nabii Yakub ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni na ambaye alimshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake, na wala hakutolewa katika daraja ya unabii kwa sababu alilia. Mtu anapojua kwamba machozi yake yana mahali katika dini yake, hupata ujasiri wa kuendelea kusema.

Kuhusu msamaha, mshauri aende polepole sana. Kumtaka mtu amsamehe aliyemdhulumu kabla hajaruhusiwa kuyataja aliyotendewa ni kumnyamazisha kwa mara ya pili. Aidha, msamaha haufuti haki ya kwenda mahakamani, wala haumlazimu mtu arudi katika nyumba yenye hatari. Akifika hapo, afike kwa miguu yake.

Hatua ya nane: Kupima, kumaliza na kukabidhi

Andikeni kumbukumbu fupi ya kila kipindi: usingizi wa mtu, mishtuko, hamu ya kula, uhusiano wake na watu wa nyumbani na hali yake katika ibada. Kila baada ya vipindi vinne linganisheni na mwanzo mkiwa pamoja naye. Pasipo mabadiliko yoyote, au hali ikizidi kuwa mbaya, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili, na asiachishwe dawa zake kwa kisingizio cha imani.

Mwisho wa vipindi utangazwe mapema, angalau vipindi vitatu kabla, kwa sababu aliyewahi kuachwa ghafla hatakiwi kuachwa ghafla tena na huduma iliyokuja kumtibu. Katika kipindi cha mwisho apewe muda wa peke yake na farasi, timu ikitazama kwa mbali, na aamue mwenyewe jinsi ya kuaga. Kabla hajaondoka awe na jina na namba ya mnasihi atakayemwona baadaye, mtu mmoja wa jumuiya yake ya waumini aliyekubali kumtembelea, na tarehe ya kurudi kuonana na timu baada ya mwezi mmoja.